Kigoda cha Jirani

Padre Mjesuiti alikatiza mahubiri. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kigoda mkononi. Kilikuwa kigoda cha Tapkigen, mama Mkalenjin aliyeketi mbele kanisani.

Kanisa hili la Kericho lilipoanza bila viti, padre aliagiza kila familia ilete kigoda, ila mtu asikalie chake, akalie cha jirani. Tapkigen akabadilishana na mwanamke huyu Mkikuyu wa shamba la jirani, hadi vita vya kikabila vya tisini na mbili vilipomfukuza.

Mwanamke alikiweka kigoda mbele ya Tapkigen. Mguu mmoja wa kigoda ulikuwa umeungua.

“Nimekurudishia, mama. Nipe changu niende. Tumehamia Nyeri.”

Tapkigen alikuwa amekalia kile cha mwanamke. Mwaka mzima hakumruhusu mtu mwingine akikalie. Angeinuka tu, kila mmoja angechukua chake na mambo yangeisha.

Hakuinuka.

“Hicho changu siwezi kukalia,” alisema, macho chini. “Padre alikataza.”

Mwanamke aliutazama mlango, kisha akamtazama padre.

Polepole, akakivuta kigoda kilichoungua kando ya Tapkigen, akaanza kufungua fundo la leso aliyombebea mtoto.