Hatari Ambayo Daktari Hakuitaja

"Usinyanyue kichwa, baba watoto," mkewe alimwambia. "Daktari amekataza."

Fundi cherehani hakuwa na mpango wa kunyanyua hata kope. Alikuwa amelala chali, mikono imenyooka, kama kitambaa kilichotandazwa mezani kikisubiri mkasi. Kila alipofumba macho, maneno ya daktari wa moyo yalimrudia.

Mrija mwembamba utapitishwa kwenye mshipa mpaka ufike moyoni. Wengi hutoka salama kabisa, daktari alisema, ila utaratibu unamtaka aseme yote. Damu inaweza kuvuja pale mrija ulipoingilia. Dawa ya rangi inaweza kusumbua figo. Mapigo yanaweza kuvurugika. Na mara chache sana, mara chache mno...

Hapo ndipo miguu ilipomwisha nguvu fundi. Yaliyofuata hakuyasikia.

Muuguzi aliingia, akammulika machoni kwa kitochi, kisha akanyoosha mkono.

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Vizuri. Mkeo anaitwa nani?"

"Mama watoto."

Muuguzi alimgeukia mkewe kwa wasiwasi.

"Usihangaike, dada," mkewe alisema. "Hata akiwa mzima hajui zaidi ya hapo."

Muuguzi alipotoka, fundi alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Alimpenda sana mwanamke huyu, na tangu amuoe hajawahi kumwambia. Alimshonea magauni, akaona yametosha. Wiki nzima hii alikuwa akijifungia chooni na kulia huku bomba limefunguliwa, ili asisikike.

"Nilijua leo ndiyo basi tena," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilijua hatutaonana."

"Si unaniona? Kunywa maji."

Alimpa kikombe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umejificha ndani ya mtandio. Siku nyingine fundi angelalamikia adabu hiyo mpaka jua lizame. Leo alipokea, akashukuru, akajimwagia nusu kifuani.

"Nakupenda," alisema.

"Kumbe kichwa kimeumia kweli," mkewe akajibu, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

Mlango ukafunguliwa. Daktari wa moyo aliingia na bahasha ya picha, uso umechangamka.

"Habari njema. Mishipa yote iko wazi, hakuna kilichovuja, na moyo unapiga vizuri. Ruhusa ya kwenda nyumbani ni leo leo."

Machozi yalimtiririka fundi. Alishusha mguu mmoja sakafuni, akaanza kutafuta viatu.

"Si wewe, mzee," daktari alisema, akimrudisha kwenye mto taratibu. "Wewe uliyeanguka na meza yangu kabla sijamaliza kueleza, unalala hapa mpaka kesho."

Mkewe akautoa mkono wa kulia kwenye mtandio, kifundo kimefungwa bendeji pale mrija ulipopita, akachukua mkoba wake.

"Nitakuja kukuona saa za kutazama wagonjwa," alisema.