Kompyuta Iliyoshiba

Uvumi ule ulimganda Mwanahawa kama nyuzi nyeupe kwenye sketi nyeusi. Eti mama mmoja wa Mbalizi alifuta picha kwenye kompyuta ili apate nafasi, na papo hapo zikafutika mpaka kwenye simu ya mwanawe aliyeko Dodoma. Harusi, mahafali, mazishi, zote.

"Zimekwenda kama hazikuwahi kupigwa," alisema Devota, jirani yake hapo mtaani Soweto, aliyekuja kufuata sketi yake. Devota hakuwahi kumwona huyo mama wala hiyo kompyuta, lakini alieleza mpaka rangi ya kilemba alichokuwa amejifunga.

Mwanahawa aliacha kushona. Kompyuta ya marehemu mumewe, Othmani, ilikuwa palepale kando ya cherehani, imejaa pomoni. Zamani ilihifadhi hesabu za mchele wa Usangu. Sasa ilikuwa na picha za Othmani, ambazo hakuna hata moja iliyowahi kusafishwa kwenye karatasi, na za binti yao Asmaa, anayesoma chuo Iringa. Hilo lilikuwa sharti la mama: unataka chuo, nenda, ila kila picha utakayopiga kwa simu yako iingie yenyewe humu ndani, nikuone. Simu ya Mwanahawa ilikuwa kitochi, inajua kupiga na kupokea tu.

Asmaa alinuna, akaunganisha. Mama akaona kila kitu: ugali wa chuo, vitanda vya chuo, hata ndala za chuo. Kisha tangu mwezi wa Ramadhani hakikuingia kipya.

"Mtandao wa Iringa, mama," Asmaa alieleza.

Ni kweli. Baridi ile inagandisha mpaka mtandao.

Lakini binti mwenye adabu ni adabu tu. Likizo mbili hakurudi nyumbani, anasoma. Na nguo za kubana kaziacha kabisa; mwenyewe kwa mdomo wake aliagiza gauni la kitenge, pana, la kumwagika. Mwanahawa alilishona kwa furaha, akalipeleka Uyole likapanda basi, na tangu siku hiyo kila mteja alipigwa hotuba juu ya mabinti wanaolelewa na wale wanaoota wenyewe kama magugu. Devota, mwenye mabinti wanne, aliisikia hotuba hiyo kuliko wote.

Sasa kompyuta ilikuwa inaandika kwa maandishi mekundu kwamba haina nafasi, na picha za mishono ya wateja haziingii. Kupunguza, lazima. Kuzipoteza za Othmani, afadhali auze cherehani.

Akaitwa fundi Marcelino. Akaja na mkoba wake na dharau zake, Devota akiwa bado anaingoja sketi.

"Mama, huyo wa Mbalizi alibonyeza kufuta. Ukibonyeza kufuta, kompyuta inatangaza msiba: simu ifute, mawinguni huko mtandaoni wafute, kila mtu afute. Wewe bonyeza hapa, 'achia nafasi'. Picha inatoka tumboni mwa kompyuta tu. Mawinguni ipo, simuni ipo. Ukiona kiwingu kidogo pembeni yake, jua iko salama."

"Una hakika?"

"Chagua moja usiyoipenda, tujaribu."

Mwanahawa hakuhitaji kufikiri. Alichagua ya wifi yake.

Kiwingu kikatokea. Akampigia Asmaa.

"Mwanangu, hebu tazama simuni kwako, shangazi yako yupo?"

"Yupo, kashika kikombe. Kwa nini?"

"Basi vizuri. Naachia nafasi kwenye kompyuta."

"Mama, usiguse! Nakuomba, mama! Za baba zitapotea!"

"Shangazi yako hajapotea, tena yeye ningependa."

"Acha ijae tu! Nikija likizo nitafanya mwenyewe!"

"Likizo ya mwaka gani, Asmaa?"

Binti akaanza kulia. Mwanahawa akakata simu, machozi yakimlengalenga na yeye.

"Unaona anavyompenda baba yake?" alimwambia Devota. "Wako wangelia hivi?"

"Wangu wako nyumbani, wanaosha vyombo."

Kazi ikaendelea. Othmani juu ya magunia ya mchele. Othmani akicheka, zile nyusi zake zilizoungana zikipanda kama paa la nyumba. Kila Othmani akapata kiwingu chake. Maandishi mekundu yakaondoka.

"Haijapotea hata moja," alisema Marcelino akifunga mkoba. "Sasa itaanza kula tena. Ilikuwa imeshiba, ndiyo maana haikuwa inapokea."

"Haikuwa inapokea nini?"

Hakuhitaji kujibiwa. Picha zilianza kuingia zenyewe, moja nyuma ya nyingine, zilizokuwa zinangoja mlangoni tangu Ramadhani. Ya kwanza, Asmaa kasimama ubavu, ndani ya gauni la kitenge.

"Mama Asmaa," alisema Devota taratibu, akimvutia kiti, "hebu kaa kwanza."

Kwa mama yeyote mwenye kompyuta iliyoshiba, ya kuepuka ni haya:

Usibonyeze kufuta. Achia nafasi, usubiri kiwingu.

Usijaribu kwa picha ya marehemu. Mawifi wapo.

Usiulaumu mtandao wa Iringa kwa kila jambo.

Usimhutubie jirani mwenye mabinti wanne, hasa kama sketi yake bado iko kwako.

Usishone gauni pana kabla hujauliza litavaliwa na wangapi.

Na picha ya mwisho kuingia, usiitazame ukiwa umesimama: ni kitoto kichanga, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge kilekile, na nyusi zake zimeungana.