Mjukuu wa Zamu

Mlango ulipogongwa, Bi Mwanahawa alijua wamekuja kumchukua. Katika jiji lile lililojaa wazee, aliyevuka miaka sabini na mitano akiishi peke yake alihitaji kijana wa kumtembelea na kumtilia sahihi kila wiki. Asiye na kijana alihamishiwa kambini, nje ya jiji.

Mlangoni alisimama msichana asiyemfahamu.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Shufaa. Mimi ndiye mjukuu wako mpya."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Bi Mwanahawa alishika ukuta. "Mimi nimeshafunga mizigo!"

"Ifungue, bibi. Huendi popote." Shufaa alicheka, akatia sahihi, kisha akajibwaga kitini. "Leo wewe ni wa kumi na moja. Nikisinzia, niamshe baada ya dakika kumi. Mzee Kibwana wa ghorofa ya tano, muda wake unaisha saa kumi."

"Nakuahidi. We lala."

Akalala papo hapo, mdomo wazi. Bi Mwanahawa akakaa kumsikiliza akipumua. Miaka tisa nyumba ile haikuwa na usingizi wa mtu mwingine. Akajiuliza, mtoto huyu naye akizeeka, atagongewa na nani?

Dakika kumi zilipotimia, alinyoosha mkono, akaurudisha. Laiti angeongeza tano tu! Akamwazia Kibwana, amekaa peke yake akitega sikio kila lifti inapofunguka.

Akamgusa bega. "Amka, Shufaa," alisema taratibu. "Mwenzangu anakusubiri."