Gari Lisilonguruma

Fundi Chande alikandamiza boneti kwa mikono miwili, akaiachia. Gari la umeme likalia kwa mbele kama kitanda kikuukuu. Akamwagia maji boljointi, kile kiungo kinachoshika tairi la kushoto, akakandamiza tena. Kimya.

"Hapo hapo, dada. Imelika. Maji yanainyamazisha kidogo tu. Ikichomoka njiani tairi linalala, usukani haukusikii tena."

Mwanahawa alimtazama mwanawe aliyesinzia kiti cha nyuma. "Basi badilisha, kaka. Huyu nampeleka kliniki kila wiki."

"Usibadilishe," alisema Sudi, mumewe, akichokonoa meno.

"Bosi, hii si ya kusubiri. Kipuri kipo hapa hapa."

"Liache lilie. Gari lenyewe halina mngurumo. Likinyamaza kabisa, nikiwa ndani ya nyumba nitajuaje mke wangu ametoka?" Akacheka, akingoja fundi acheke naye. Chande hakucheka.

"Sudi, mwanao anapanda humu," alisema Mwanahawa.

"Si uendeshe taratibu? Au kuna mahali unawahi?"

Mwanamke akiulizwa hivyo mbele ya watu, kila jibu linakuwa kosa. Mwanahawa akaingia, akafunga mkanda.

Walitoka gereji bila sauti, maji hayajakauka. Sudi, kando yake, alitega sikio, uso umekunjamana. Walipovuka tuta la pili gari likalia, kwa uchungu zaidi kuliko mwanzo. Hapo Sudi akalaza kiti chake nyuma, akafumba macho, ametulia. Mwanahawa akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Mbele yao barabara ilikuwa inaanza kuteremka.