Kibano cha Upande wa Kulia

Katika jaribio la kwenye kompyuta, kisu cha mashine kilichonga gia ya pampu ya maji bila kugonga popote. Maandishi ya kijani yakatokea: salama. Chausiku akashusha pumzi. Bonge la shaba lililokuwa chini karakanani lilikuwa hilo hilo moja, limeyeyushwa kutokana na masinia waliyoyachanga akina mama wa mji, sinia la harusi la mama yake likiwemo.

Fundi Makame alipanda ngazi akijifuta mikono.

"Nimeshaiwasha, dada. Nimeongeza na kibano upande wa kulia, shaba isije ikacheza."

"Kibano gani?" Chausiku akaruka kitini. "Mimi huku sikukichora, kaka! Kisu hakijui kama kipo, kitakigonga!"

Makame akazirudia ngazi mbio. Kitufe cha kuizima kilikuwa chini, kwenye mashine yenyewe. Chausiku alikimbilia dirisha linalotazama karakana, mikono kichwani, akikiona kisu kikielekea kulia bila haraka, kama alivyokielekeza yeye mwenyewe.

Akashindwa kutazama, akageukia kompyuta. Humo jaribio lilikuwa likijirudia: kisu kilipita kulia, penye hewa tupu, pasipo kibano, kikamaliza kazi. Gia ikabaki inang'aa, nzima, ikizunguka taratibu.