Honi Mbili za Mombo

Sheria ilikuwa wazi: dereva wa treni akifariki, mazoea yake hunakiliwa katika treni za mchezo wa kompyuta wa kufundishia madereva. Mwanaidi, fundi wa ishara za mchezo huo, alikuwa sebuleni akihangaika na treni ya marehemu mumewe, iliyogoma kupita stesheni ya Mombo.

"Dada, taa ni ya kijani," mwenzake Kihiyo alimtania kwenye simu. "Shemeji amesinzia?"

Mwanaidi alikagua ishara mara tatu, zilikuwa nzima. Ndipo treni ikapiga honi mbili fupi, zile ambazo marehemu alikuwa akimpigia mkewe akikaribia nyumbani ili abandike chai. Mwanaidi alikwisha kushika birika alipokumbuka kwamba miaka yote wao waliishi Korogwe, si Mombo.

"Hitilafu umeiona?" Kihiyo aliuliza.

"Nimeiona. Si ya taa," alijibu, akayamwaga maji ya birika.