Wimbo Mmoja wa Hua

Hua alijua wimbo mmoja tu: "Nipo, nipo, nipo." Aliuimba kutwa kucha. Jirani yake Chiriku alitunga wimbo mpya kila asubuhi.

"Shoga, huchoki kurudia yale yale?" Chiriku alimcheka.

"Unanifurahisha kila nikiuimba," akajibu Hua.

Siku moja moshi wa nyika ulifunika miti, na kinda la Chiriku likapotea. Chiriku akaliita kwa nyimbo zake zote, lakini kinda halikuzitambua. Hua akaanza: "Nipo, nipo, nipo." Wimbo huo kinda lilikuwa limeusikia tangu lilipoanguliwa. Likaufuata mpaka kiotani.

Chiriku akalikumbatia kwa mbawa zake, akilia.

"Nisamehe, shoga. Nilidhani unarudia kwa sababu huna mwingine."

"Na kweli sina," akasema Hua, wakacheka wote wawili.